Sukari ya Mehrona Wakati wa Aprikoti

Juni 12

Sherali amepiga simu kutoka Moscow. Nimemweleza ya binti yake tangu mwanzo mpaka mwisho, akasikiliza yote, kisha akasema, "Sasa Mavjuda, mimi nifanye nini nikiwa huku juu ya ghorofa na ndoo ya saruji?" Ana haki. Basi kuanzia leo nitailalamikia karatasi, maana yenyewe haiwezi kusema mtandao unakatika.

Jambo lenyewe ni hili. Mehrona ana kisukari tangu alipokuwa na miaka saba. Tumekizoea kama watu wanavyomzoea jirani mkorofi. Zamani alikuwa akiniletea kidole mwenyewe nikichome, tukihesabu pamoja yuniti za insulini, akiinua gauni nimdunge tumboni huku akiimba. Sasa anakaribia miaka kumi na miwili na yule mtoto sijui amekwenda wapi. Aliyebaki anafunga mlango, anashusha pumzi ndefu nikimwita, na jana aliniambia eti natafuna kwa kelele.

Juni 13

Aprikoti za kwanza zimeanza kudondoka. Mama mkwe anasema wiki hii tutaanza.

Juni 15

Nimeingia chumbani kumdunga kabla ya chakula cha mchana, akajifunika shuka kana kwamba nimeleta polisi. "Mama, toka. Nitajidunga mwenyewe." Nikamwambia mimi ndiye niliyemzaa na hakuna kitu tumboni kwake nisichokijua. Akasema ndiyo maana.

Ndiyo maana nini? Nimesimama nje ya mlango wa nyumba yangu mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Amejidunga, ametoka, amenionyesha kalamu ya insulini kwa mbali ili nione namba, halafu ameirudisha mfukoni. Yuniti zilikuwa sahihi. Hilo nalo limeniudhi.

Juni 18

Tumeanza. Binamu zake wamepanda na kutikisa matawi, sisi chini na mashuka. Halafu kazi yetu wanawake na watoto: kuketi uani tangu asubuhi, kupasua aprikoti kwa vidole au kisu kidogo, kutoa kokwa, kupanga nusunusu kwenye trei za mbao, na trei kuingia kwenye moshi wa salfa, zisigeuke nyeusi, kabla ya kwenda juani. Kufikia saa nne mikono inanata, nyigu wanatufuata mpaka chooni. Maji ya mfereji yanafika kwetu jioni tu, zamu ya mchana ni ya majirani wa juu, kwa hiyo tunajifuta kwa aproni na kuendelea.

Mehrona ana vidole vyepesi. Anapasua mbili wakati mimi napasua moja. Mama mkwe, Bibi Oyjamol, ambaye hajawahi kumsifu mtu aliye hai, alimtazama na kusema, "Huyu ataolewa haraka." Mtoto akanuna mpaka magharibi.

Juni 19

Kipimo cha sukari mchana kumi na nne. Tukiwa kati ya nne na kumi huwa tunapumua. Nimemuuliza amekula nini. Amesema hakuna.

Juni 20

Nimekuta kifuniko cha soda mfukoni mwa suruali yake nikifua. Kwanza alisema kimeokotwa. Kisha alisema ni cha Shahnoza, binti wa wifi yangu Zebuniso. Kisha akalia na kusema ndiyo, alikunywa, kwa sababu wenzake wote walikuwa wanakunywa, na yeye amechoka kusimama pale na chupa ya maji wakimwonea huruma.

Nilimwambia soda si dhambi, uongo ndio dhambi. Soda tunaidungia insulini, uongo tutaudungia nini? Nilijiona nimesema neno zuri sana. Yeye aliniuliza kama nimemaliza.

Juni 21

Zebuniso amekuja na habari. Mdogo wa mume wake anaoa kule Vorukh katikati ya Julai, wanakwenda siku tatu, na Shahnoza hataki kwenda bila Mehrona. Mehrona alikuwa nyuma ya mlango, nilimwona vidole vya miguu.

Siku tatu bila mimi. Hajawahi kulala hata usiku mmoja mahali nisipoweza kumfikia kwa mkono. Nilitaka kusema hapana, na neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini Zebuniso akasema kwa upole, "Wifi, utamfunga kamba mpaka lini?" Basi nikatoa sharti: mashine ya kupimia sukari ikisema vizuri mpaka siku ya safari, atakwenda. Nikikuta sukari juu bila sababu, maana yake anakula kwa siri, na mtu anayekula kwa siri halali nyumba za watu.

Mehrona alitoka nyuma ya mlango akanibusu mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi. Nilikaribia kulia mbele ya wifi.

Juni 24

Kumi na tisa. Saa sita mchana, kabla hata kitambaa cha chakula hakijatandikwa.

"Umekula."

"Sijala."

"Mehrona."

"Mama, sijala kitu."

Nilipanguza kidole kingine kwa pamba yenye spiriti, kama nilivyofundishwa, nikapima tena. Ishirini. Mashine haina chuki na mtu. Sharti linajulikana, nimemwambia, na hii ni mara ya kwanza.

Jioni baada ya kuoga ilikuwa sita. Nimefikiri: ameona nimeshtuka, ameacha kula.

Juni 25

Kumi na saba mchana. Saba jioni. Anakula aprikoti akiwa anapasua, ni wazi kabisa, na mtu yeyote angekula, mimi mwenyewe nakula. Ninachotaka ni aseme.

Juni 26

Nimegundua kwamba Mehrona amenunuliwa sidiria. Na Zebuniso. Sokoni Isfara, juzi, yeye, Mehrona na Shahnoza, nami nikaambiwa wanakwenda kununua chumvi ya kopo. Nimemuuliza Mehrona kwa nini hakuniambia mimi. Akasema, "Wewe ungeuliza kama inabana sehemu ya kudungia sindano."

Ningeuliza. Ni kweli, ningeuliza hivyo hivyo. Nimekwenda kupindua trei za aprikoti ambazo hazikuhitaji kupinduliwa.

Juni 28

Joto. Kumi na nane. Hatusemezani.

Juni 30

Mehrona amelala sasa, ndiyo naandika.

Mchana mashine ilisema ishirini na moja. Yeye akaanza tena wimbo ule ule, sijala, sijala, na mimi maji yakanifika shingoni. Nilichukua kalamu kutoka mkononi mwake na kumdunga mwenyewe, begani, uani, mbele ya Shahnoza, yuniti za kushusha sukari yote ile. Halafu nikamwekea kipande kidogo cha mkate na mtindi bila kitu kingine, nikasema aliyeshiba kwa siri hahitaji pilau. Alinitazama. Hakulia. Alimega mkate, akaurudisha taratibu juu ya kitambaa bila kuula, upande wa mkate wa juu ukitazama juu kama tunavyouweka siku zote, akaenda kukaa kando ya mfereji.

Tuliendelea na kazi. Baadaye Bibi Oyjamol alisema, mbona mtoto hajibu, nimemwita alete ndoo. Nikasema ananuna. Akaita tena. Kisha Shahnoza akapiga yowe.

Alikuwa amekaa pale pale lakini amelowa jasho, mweupe kama unga, midomo inacheza. Nilimshika nikasema Mehrona, akaniambia nifunge dirisha. Dirisha lipi, tuko nje. Akasema tena, funga dirisha, mbuzi wataingia. Nikajua sukari imeanguka. Nilipiga kelele waniletee sukari, Bibi Oyjamol akakimbia upande mwingine kuleta majani ya kufukizia kijicho, akaanza kutuzungushia moshi sote wawili huku nikimwomba sukari, Mama, kwa jina la Mungu sukari! Shahnoza ndiye aliyekuja na bakuli la maji ya aprikoti zilizochemshwa. Nilimnywesha kwa kijiko, mengine yakamwagika kifuani, nikamwambia meza, meza mwanangu, na alimeza. Nilimpaka mengine kwenye ufizi. Vidole vilikuwa baridi havitoi damu, nikamchoma ncha ya sikio: mbili na kitu. Nikamnywesha tena.

Alirudi kidogo kidogo. Kwanza macho, kisha aibu. Aliona watu wamemzunguka, gauni limelowa, bibi yake anamfukizia moshi, akageuza uso upande wa mfereji.

Nimemwuliza, baada ya kumlaza, kama alijidunga mara ya pili kisirisiri. Maana hesabu haiji. Ishirini na moja haiwezi kushuka namna ile kwa dozi niliyompa mimi. Alivuta shuka mpaka kichwani.

Julai 1

Nimefikiri mchana kutwa na jibu ni moja tu. Alijidunga kabla sijampima, ili kuficha alichokula, kisha mimi nikaongeza juu yake. Sasa hili si la soda tena. Mtu anakufa hivi.

Nimechukua kalamu, nimeifungia sandukuni pamoja na nguo zangu za harusi, ufunguo shingoni. Kila sindano itapita mikononi mwangu. Na Vorukh hakuna. Nimemwambia akiwa amesimama. Alisema "sawa" na ningependelea apige kelele.

Julai 3

Anafanya kila ninachosema. Anatoa kidole, anatoa mkono, anasema ahsante. Nimeishi na wapangaji wenye maneno mengi zaidi.

Julai 5

Sherali amepiga simu ya video. Mehrona alimwambia baba yake, nami nimekaa pembeni, "Mama anasema mimi mwizi." Sikusema mwizi. Sherali aliniuliza kama nilisema mwizi. Nilisema sikusema. Akasema, "Basi ulisema nini?" Nikamwambia aangalie saruji yake isigande.

Usinizomee, karatasi. Mtoto alikaribia kunifia mikononi mwangu mimi, na baba yake aliye mbali ndiye anayeonekana mpole.

Julai 8

Leo ilikuwa ujima kwetu. Miti yote iliyobaki imeiva kwa pamoja, kwa hiyo wanawake wa mtaa mzima wamekuja kutusaidia kupasua, kama sisi tulivyokwenda kwao, nasi tukaweka sufuria kubwa la pilau. Zebuniso alishika pilau. Wengine wote tuliketi uani kwa duara, milima ya aprikoti katikati, na maneno ya watu yakipasuliwa pamoja nazo.

Mehrona alikaa kati ya bibi yake na mimi. Nilimweka pale kwa makusudi. Sikumtoa machoni.

Saa sita nikampima mbele ya watu wote. Najua nilivyofanya. Ishirini na nne.

Nikasikia sauti yangu ikipanda. Nilisema nimechoka, nikasema nimekomeshwa, nikasema sikio la kufa halisikii dawa, na mengine ambayo sitayaandika. Wanawake waliacha kupasua. Mehrona alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini hakuinuka.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema. "Uliza yeyote."

Na Bibi Oyjamol, ambaye kwa miaka kumi na mitatu hajawahi kusimama upande wowote ila wake, alisema bila kuinua macho, "Hakula. Nilikuwa namtazama mimi pia. Hata chai alikunywa kavu."

"Basi sukari imedondoka mbinguni?" nilisema.

"Jipime wewe," alisema Mehrona.

Nilijipima ili nimfunge mdomo. Nilichoma kidole changu mbele yao wote, nikaweka damu kwenye kijiti cha kupimia, na mashine ikasema kumi na tisa.

Nilifikiri: mimi pia, kumbe mimi pia, nani atamtunza. Jirani yetu Oydina akanyoosha kidole chake haraka, kama mtu anayetaka kujua mabaya yake mapema. Ishirini na mbili. Bibi Oyjamol naye akataka. Kumi na saba. Akaweka kisu chini, akasema sanda yake iko kwenye sanduku la chini, upande wa kushoto, na kwamba amewasamehe wote isipokuwa mke wa mwalimu. Mwingine ishirini na tano. Kwa muda mfupi uani kwangu palikuwa na wagonjwa tisa na kila mmoja ameanza kuhisi kiu.

Zebuniso akaja kutoka kwenye pilau, mikono imetoka kuosha mchele, akiuliza kuna msiba gani. Wakamchoma kidole na yeye. Tano.

Mehrona alitazama mkono wa shangazi yake. Akatazama wake. Kisha akalamba kidole chake cha shahada, mbele yangu, polepole, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Ni aprikoti," alisema. "Iko juu ya ngozi. Mama, nipe sabuni."

Alimimina maji ya kunywa kutoka kwenye birika, hakungoja mfereji, akaosha kwa sabuni, akajikausha kwa kitambaa safi, akanipa kidole. Sita. Nikaosha changu. Tano na nusu. Bibi Oyjamol akaosha, akawa mzima, na kwa kweli alionekana ameudhika kidogo. Wanawake walicheka mpaka nyigu wakatawanyika. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Oydina, na wakacheka tena. Vijiti vyangu vya kupimia vimekwisha kwa mashangazi wenye afya.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Wiki mbili za kupangusa kwa spiriti vidole vilivyojaa utamu wa mti, na spiriti haikuutoa. Siku ya mfereji sukari yake ilikuwa ya kawaida. Nilimdunga sindano isiyo yake, nikamnyima chakula, na alipokuwa anazama niliamini amejizamisha mwenyewe. Aliniambia ukweli kila siku na mimi nilikuwa na mashine ya kuukataa.

Julai 9

Kwetu mama hamwombi radhi mtoto. Mama humpikia kitu. Nimepika, amekula, na niliona haitoshi.

Nimempelekea kalamu na ufunguo wa sanduku vyote pamoja. Alikuwa anasuka nywele. Nikamwambia, "Ulisema hujala."

"Nilisema."

"Sikukusikia. Nilikosea, Mehrona. Nilikuumiza."

Aliendelea kusuka. Alifika mwisho wa msuko, akaufunga. "Niliogopa sana," alisema, "na uliponiuliza kama nilijidunga, niliogopa zaidi." Halafu akaniomba nitoke kwa sababu anabadilisha nguo. Nimetoka. Nimelia kwenye banda la salfa, ambako kila mtu hutoka na macho mekundu.

Julai 11

Nilidhani amani imekuja. Leo amejikata nywele za mbele kwa mkasi wa kukatia kamba. Anafanana na farasi. Nimesema ni nzuri. Akasema nasema uongo.

Julai 13

Mikono safi, sabuni, kitambaa, na bado kumi na sita asubuhi kabla ya kula. Daktari wa mjini amesema kwa simu kwamba mwili unaokua hufanya hivyo. Homoni hupandisha sukari bila kuomba ruhusa, dozi za mwaka jana hazimtoshi tena, tuongeze kidogo kidogo na tupime. Nimemwuliza itachukua muda gani. Amecheka kwa adabu akauliza Mehrona ana miaka mingapi.

Kwa hiyo namba zingine zilikuwa za kweli, na zingine za aprikoti, na hakuna mtu atakayenitenganishia.

Julai 15

Nimemwambia Zebuniso atakwenda Vorukh. Nimemfundisha wifi kila kitu mara mbili, naye ameniambia kila kitu mara tatu ili ninyamaze. Mehrona amepanga begi, amepangua, amepanga. Amekwenda kulala kwa Shahnoza, waondoke pamoja asubuhi kwa gari la mume wa Zebuniso. Nilikubali hilo pia. Sijui mimi ni nani siku hizi.

Julai 16

Gari lilikuja kusimama mlangoni kwetu ili achukue insulini kwenye friji. Watu wote walikuwa ndani, injini inawaka, mume wa Zebuniso anapiga honi kwa sababu anataka kuwahi kabla ya jua kali. Mehrona akaingia mbio, akachukua mfuko, akafika mlangoni. Sikumwomba apime. Nilikuwa nimeapa sitamwomba.

Akasimama. Akarudi jikoni, akaosha mikono, akajipima mbele yangu, akanigeuzia mashine. Kumi na tano na nusu.

"Si homoni," alisema. "Jana usiku tulikula tikiti, mimi na Shahnoza. Nusu nzima. Sikujidunga kwa sababu sikutaka ajue ninahesabu." Alikuwa anatazama sakafu. "Nimeshajua sharti lako. Lakini ungeniuliza jioni kwa simu, ningesema uongo, na siutaki."

Honi ikalia tena.

Nilikuwa na maneno mengi, mengine mazuri. Nilisema, "Unajidunga ngapi?" Akafikiri, akasema tatu, na apime tena wakifika darajani. Ndivyo ningesema mimi. Alijidunga pale pale jikoni, akainua gauni tumboni bila kujificha, kwa kuwa alikuwa na haraka. Nikamwambia gari linamngoja. Hakuamini. Nikamsukuma mgongoni.

Bibi Oyjamol alikuwa ameona yote kutoka kwenye kizingiti. Gari lilipokata kona aliniuliza nimepatwa na nini hata nimruhusu mtoto mwenye sukari kumi na tano apande milimani.

"Ameniambia mwenyewe, Mama," nilisema.

Alinitazama kana kwamba nimepigwa na jua, akanikabidhi kisu changu, na tukaenda kumalizia trei zilizobaki.